Sindano za Meneja

"Umekaa sana huko bafuni, mwanangu. Kuna shida?"

Mama Datius aliniuliza bila kugeuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, amenipa mgongo, anapanga akamwani kwenye kijikapu. Ni zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hutafuna kabla hajaambiwa lolote la maana.

"Hapana, Mama. Nilikuwa namchoma paka sindano."

Ndipo alipogeuka, na mimi nikaona kilichokuwa mapajani mwake. Meneja, paka wangu, alikuwa amelala fofofo juu ya khanga ya mama mkwe wangu mtarajiwa, sikio lake lililochanika likiangalia juu.

"Paka yupi?" aliuliza.

Nilihisi mfuko wa sindano niliokuwa nimeubana kwapani ukiniunguza.

"Nilikuwa... naandaa tu, Mama. Naandaa ya jioni."

"Ya jioni. Saa saba hii ya mchana?"

"Ndiyo, Mama."

Alirudi kwenye akamwani zake, akaziokota mojamoja. Nikapiga magoti ukingoni mwa mkeka kama binti mwenye adabu, moyo unanidunda mpaka nikaogopa paka ataamka.

Acha niseme ukweli mapema, maana siku ile niliusema kwa kuchelewa. Sindano niliyotoka kuichoma haikuwa ya paka. Ilikuwa yangu. Mimi Alistidia, fundi wa sare za shule pale Bukoba, mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina kisukari tangu nikiwa kidato cha pili. Bila sindano siishi. Na mwanaume aliyenileta kwao Muleba kunitambulisha, mwanaume niliyempenda mpaka nikajionea aibu, alikuwa hajui.

Uongo wenyewe ulianza siku ya kwanza kabisa. Datius ni fundi wa majokofu. Mwezi wa tatu friji langu liligoma, jirani akamwita, akaja nyumbani kwangu Kagondo na mkoba wa vifaa na macho yale ambayo sitayaeleza nisije nikaonekana mtoto. Alifungua mlango wa friji, akaona vichupa vya insulini vimepangwa pembeni ya maziwa.

"Nani anaumwa humu ndani, dada?" aliuliza.

Ningeweza kusema. Lakini kabla yake alikuwapo Onesphory, aliyenichumbia miaka miwili, na siku aliponifumania najichoma alisema alitaka mke, hakutaka mtu wa kuuguza. Kidonda kile kilikuwa hakijapona. Na wiki ileile nilikuwa nimemchukua Meneja.

"Ni ya paka," nilisema. "Ana kisukari."

Na paka kweli anacho! Nilimtoa kwa Bi Nalini, yule mama wa Kihindi ambaye duka la familia yake lilifungwa zamani, ndugu wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki na kugeuza stoo ya nyuma kuwa makazi ya paka na mbwa waliotupwa. Meneja alikuwa na miaka kumi na miwili, meno manne. Alikulia kwenye kaunta ya duka la watu waliohamia Mwanza bila yeye.

"Watu wanakuja wanataka paka mdogo wa kuchezea," Bi Nalini aliniambia. "Huyu amekaa miezi kumi na moja. Wakisikia sindano mara mbili kwa siku, wanaaga."

"Mimi sindano haziniogopeshi," nilimjibu, na sikumwambia kwa nini.

Alinifanya niweke sahihi kwenye daftari lake. Sharti lilikuwa moja: akikushinda mrudishe hapa hapa, usimwache barabarani. Niliweka sahihi kwa mbwembwe. Kichupa nikapewa cha kwake, na Daktari Hafidhi wa mifugo akanielekeza kipimo cha paka, ambacho ukilinganisha na changu ni tone tu.

Basi Datius akatengeneza friji, akarudi kulikagua, akarudi tena kulikagua ingawa halikuwa na tatizo. Akajifunza kumchoma Meneja. Aliweka kengele kwenye simu yake, saa moja asubuhi na saa moja jioni, imeandikwa MENEJA. Mwezi wa saba, paka alipokataa kula baada ya sindano na kuanza kutetemeka na kuyumba, Datius ndiye aliyempaka asali kwenye fizi, robo saa nzima, anamwambia, "Usituache, mzee, usituache." Nilisimama mlangoni nikalia. Nilitamani kuwa paka.

Na bado sikusema. Kila mwezi uliopita uliufanya uongo kuwa mzito zaidi.

Siku ya kutambulishwa ilipofika, hakukuwa na wa kumwachia Meneja, kwa hiyo nilifika ukweni nimebeba kikapu cha paka, flaski yenye barafu na kichupa kidogo cha asali. Majirani walichungulia kwenye migomba. Sijui walitegemea nini kwenye kikapu kile, lakini hawakutegemea paka kikongwe.

Chakula kilikuwa tayari tangu saa sita. Nilisikia harufu ya ndizi na sato kutoka jikoni. Lakini pale hakuna anayegusa sahani kabla ya mkubwa wa ukoo, na mkubwa alikuwa Baba Mdogo Byarugaba, anayenunua samaki kisiwani Bumbire. Saa saba kasoro alipiga simu. Datius akaweka spika.

"Nimeshatua! Niko hapa njia panda, pakueni!"

Njia panda ni mwendo wa dakika tano. Mimi sindano ya chakula huichoma muda mfupi kabla ya kula. Kwa hiyo nilikwenda bafuni.

Sasa jamani, mimi nimezaliwa nchi hii hii. Nimeshawahi kumwambia mteja "sare yako iko kwenye pasi" wakati kitambaa hata sijakikata. Sijui ni kitu gani kilinifanya niamini kwamba mzee akisema yuko njia panda, yuko njia panda.

Saa saba na nusu hajafika. Datius alimpigia.

"Niko njiani, mwanangu, niko njiani!" Nyuma ya sauti yake injini ya boti ilinguruma na mtu akapiga kelele za kushusha samaki.

"Bado yuko mwaloni, kwenye boti," Datius alisema, akacheka. Mimi sikucheka. Nilianza kuhesabu dakika kimoyomoyo, maana sindano ikishaingia na chakula kikachelewa, sukari hushuka mpaka mtu anazimia.

Mama Datius akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha omulamba, juisi ya ndizi mbivu aliyoikamua mwenyewe alfajiri.

"Basi shushia hii wakati tunasubiri."

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili. Ile juisi ndiyo ingeniokoa. Lakini nimeishi miaka ishirini nikiiogopa, na mdomo ulikataa kabla akili haijafika.

"Asante, Mama. Mimi situmii vitu vitamu."

"Hutumii." Alikiweka kikombe chini. "Nimekamua kwa mikono yangu."

"Mama, usimlazimishe," Datius alisema.

"Sijamlazimisha mtu. Nauliza tu. Anakuja kwetu na paka, juisi yetu hanywi, bafuni anakaa nusu saa na sindano za jioni." Alimtazama mwanawe, si mimi. "Datius waitu, mimi ni mama yako. Nimemtunza baba yako kitandani miaka sita mpaka nikamzika. Ninajua nyumba yenye dawa ikoje. Hamlali. Hamsafiri. Kila mnachopata kinaishia kwenye dawa. Mnaanza maisha, mnaanza na mgonjwa ndani? Mzee, wa kuchomwa kila siku, na hata hatapona?"

"Ni paka, Mama."

"Ni paka leo. Kesho mtoto atakosa maziwa kwa sababu ya paka. Mrudisheni huko mlikomtoa. Mngechukua mwingine, mzima."

Nilimtazama Datius. Nilimwomba kwa macho tu, maana mdomo sikuuamini. Sema hapana, mpenzi wangu. Sema huyu ni wetu. Alinitazama pia, nikaona anavyotafuta njia ya katikati, njia ambayo ingefanya chakula kiliwe kwa amani na mama yake atabasamu. Wanaume wema wana tabia hiyo mbaya.

"Sawa, Mama," alisema. "Tukishafunga ndoa, tutamrudisha kwa Bi Nalini."

Mikono ikaanza kunitetemeka. Nilidhani ni hasira, na hasira ilikuwapo, tena tele. Jasho likanitoka juu ya mdomo. Nikajaribu kusimama nimchukue Meneja wangu tuondoke, tukatafute gari barabarani, lakini mkeka ulisogea upande mmoja.

"Nirudishe na mimi," nilisema.

"Nini?" Datius aliuliza.

"Nirudishe. Kwenye daftari. Weka sahihi kwenye ndizi."

"Anasema nini huyu?" Mama mtu aliinuka nusu. "Amelewa?"

Sauti zao zilinifikia kwa mbali. Nakumbuka Datius akipiga magoti mbele yangu. Aligusa juu ya mdomo wangu kwa kidole, akakitazama kile kidole kilicholowa. Akanishika mikono, akaitazama inavyotetemeka. Kisha akanitazama machoni, na nikaona anaelewa. Nilimwona kabisa. Ingawa dunia nzima ilikuwa imepoteza umbo, uso ule niliuona waziwazi, na nikatamani ningemwambia mwenyewe kabla haujawa hivyo.

Alikimbilia kikapu cha paka. Akarudi na asali.

"Datius! Unampa binti wa watu dawa ya paka?"

"Si dawa ya paka, Mama," alisema taratibu. "Tidia, ramba. Fungua mdomo. Ramba, meza. Tena."

Niliramba kwenye kidole chake kama alivyoramba Meneja mwezi wa saba. Safari hii hakusema "usituache." Alipoona nameza vizuri, alinyoosha mkono nyuma bila kutazama.

"Mama, nipe ile juisi."

Mama Datius alileta kikombe mwenyewe. Alinishikia kichwa, akaninywesha mpaka tone la mwisho, mkono wake umekaza shingoni mwangu. Meneja, aliyeshushwa kutoka kwenye usingizi wake, alikuja akakaa mguuni kwangu na kuanza kujilamba.

Baada ya kama robo saa, dunia ilirudi mahali pake. Aibu ikarudi nayo.

"Tangu lini?" Datius aliuliza.

"Tangu nina miaka kumi na sita."

"Vile vichupa vya kwenye friji."

"Kimoja ndicho cha Meneja. Vingine vyangu."

Alisimama, akashuka barazani, akaenda kusimama kwenye migomba. Nilimfuata, miguu bado haijanikubali vizuri.

"Miezi minane," alisema bila kunigeukia. "Nimefungua friji lile mara ngapi? Kila nikiuliza mbona dawa ya paka inaisha haraka, ulinitazama usoni ukasema nyingine imeharibika. Mpaka nikabadilisha kidhibiti joto! Nilidhani kazi yangu mbovu, Tidia. Nilidhani friji nililolitengeneza linamuua paka wako."

"Niliogopa utaondoka."

"Ningeondoka kwa lipi? Umenipima kwa nani? Kwa huyo Onesphory wako?"

"Kwa maneno yako mwenyewe!" Sauti ilinipanda na sikuizuia. "Sasa hivi, mbele ya mama yako. Umesema tutamrudisha."

"Nilisema paka!"

"Mama yako alisema mzee, mgonjwa, wa kuchomwa sindano kila siku na hatapona. Wewe ukajibu sawa Mama. Ulikuwa unamsema paka, lakini mimi nimesikia ninavyorudishwa. Na huyo paka umemwokoa kwa mkono wako, Datius. Ulimwomba asituache. Kama yeye unaweza kumrudisha kwa sababu chakula kinapoa, mimi je?"

Niliona limempata. Sikufurahi, nilimpenda mno kufurahi.

"Nimekosa," alisema mwishowe. "Lakini na wewe umekosa. Ungekufa kwenye mkeka wa mama yangu, nisijue kwa nini."

Tulisimama pale kila mtu na kosa lake, hatua mbili katikati yetu, na hakuna aliyezivuka.

Honi ya pikipiki ikalia. Baba Mdogo Byarugaba alikuwa amefika, saa tisa kasoro robo, na ndoo ya samaki mkononi na uso mkunjufu wa mtu asiyedaiwa maelezo.

"Si niliwaambia niko njia panda?" alisema. "Haya, mkwe wetu yuko wapi? Njaa inaniuma, Bumbire hakukaliki kwa mawimbi."

Tuliingia ndani. Nilikuwa nimeshaamua. Nitakula kidogo kwa heshima, nitamwingiza Meneja kikapuni, nitapiga magoti, nitaaga, na Muleba sitairudia. Nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango.

Mama Datius alipakua. Ndizi zikiwa bado zinafuka moshi, minofu ya sato, maharage pembeni. Sahani ya kwanza ni ya mkubwa wa ukoo, imekuwa hivyo kwenye nyumba zetu tangu sijazaliwa, na Baba Mdogo alikuwa ameshanawa na kunyoosha mikono.

Mama alimpita. Alivuka mkeka mzima, akainama, akaiweka ile sahani mbele yangu.

"Shemeji?" mzee aliuliza, mikono bado iko hewani.

"Wewe utasubiri, Byarugaba. Umezoea kusubiriwa, leo subiri. Huyu anakula kwanza."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako. Ulisema uko njia panda, mtoto wa watu akakuamini, nusura tumzike." Akanigeukia, na uso wake haukuwa na tabasamu hata kidogo. "Na wewe usinitazame hivyo. Sijasema nimekubali. Ugonjwa wa mume wangu niliwaficha watu miaka miwili, ndiyo maana tulichelewa hospitali. Mtu anayeficha dawa bafuni mimi simpendi. Lakini kwenye nyumba yangu hatakaa na njaa. Kula."

Nikala. Machozi yalidondokea kwenye ndizi, nikazila hivyo hivyo, watu wazima wanne wakinitazama, maana shangazi mmoja naye alikuwa ameshachungulia kutoka jikoni. Nilipomaliza nusu ndipo akampelekea mzee ya kwake. Kisha nikamwona Mama anachambua mnofu, anatoa miiba mmoja mmoja, na kuuweka chini mbele ya Meneja. Hakumtazama mtu.

Tuliondoka saa kumi na mbili. Datius aliendesha, kikapu cha paka katikati yetu. Muhutwe ikapita. Nilifikiria daftari la Bi Nalini, na jinsi nitakavyomweleza kwamba safari hii aliyerudishwa ni mimi.

Kabla ya Kemondo kengele ikalia kwenye simu yake. MENEJA.

Alisimamisha gari pembeni. Akampa paka kiporo cha samaki alichofungiwa na Mama, akasubiri amalize, akafungua flaski, akavuta tone lake, akamchoma shingoni kwa mkono ule mtulivu. Halafu hakuwasha gari. Alikaa na simu mkononi, kioo kinamulika kidevu chake.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Na wewe hujanisamehe."

"Bado."

Alibonyeza mahali pa kuongeza kengele mpya. Kidole kikabaki juu ya kioo.

"Za kwako ni saa ngapi?"

Nilianza na ya asubuhi, nikaenda ya mchana, kabla ya chakula, chakula kikiwa mbele yangu kabisa, si njia panda. Yeye akaziandika zote, mojamoja, na kila moja akaniuliza kama amepatia.